Basi la Kani

Mkurugenzi alirudi kutoka kwenye maonyesho ya teknolojia na kofia yenye nembo ya watu wengine, mafua, na neno moja alilolielewa nusu.

"Kani-basi," aliwaambia wafanyakazi wake asubuhi hiyo huku akipenga kamasi. "Wenzetu wote wako kwenye Kani-basi. Sisi tu ndio tunaotembea kwa miguu."

Wafanyakazi walitazamana. Walikuwa wachache kiasi kwamba Mkurugenzi akisema "baadhi yenu", kila mtu alijua ni nani. Karakana yao ilitengeneza viti vya magurudumu vya umeme, na ilikuwa nyuma ya duka la magodoro, hivyo mtaa mzima uliamini kwamba na wao kazi yao ni magodoro. Hakuna aliyejisumbua kuusahihisha mtaa.

Aliyeulizwa neno hilo lina maana gani ni mhandisi wa programu, kijana mmoja aliyeitwa Kimya, kwa sababu ileile inayomfanya mtu mnene aitwe Sindano. Kimya alikuwa na jibu kwa kila swali, na mara nyingi jibu lilifika kabla swali halijaisha.

"Ni rahisi, bosi," alisema. "Sasa hivi kila kitu kwenye kiti kina waya wake. Kijiti cha kuendeshea kina waya kwenda kwenye mota, betri ina waya kwenda kwenye skrini, kitufe cha kusimamisha kina waya wake, ukifungua chini ya kiti utadhani umefungua tumbo la mbuzi. Kwenye CAN, hiyo Kani yako, wote wanatumia nyaya mbili tu, zimesokotwa pamoja. Kila kifaa kinatuma ujumbe humohumo, na kila kifaa kinasikia."

"Nyaya za nini tena?" Mkurugenzi alikunja uso. "Si tungetumia wifi?"

"Wifi?" alidakia mwanamama wa nyaya, ambaye kila mtu alimwita Shangazi. "Wifi yangu mimi anapeleka ujumbe haraka kuliko umeme. Tatizo ukifika umeshabadilika."

Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa ameshawaalika wageni wa hospitali kubwa waje kukiona kiti kipya mwisho wa mwezi.

"Umewaalika kabla hatujakitengeneza?" Kimya aliuliza.

"Ningesubiri mkitengeneze ndiyo niwaalike, mngekitengeneza lini?"

Hoja hiyo haikuwa na mlango wa kuingilia. Mkurugenzi akaona nafasi, akaongeza la pili. Alisema wageni hawatashawishika wakimwona Kimya amekaa kwenye kiti cha mgonjwa huku ana miguu ya kuchezea mpira. "Si una baba mkwe nyumbani? Yule asiyetembea? Basi. Huyo ndiye atakayekaa."

Hapo ndipo Kimya alipoanza kutokwa jasho.

Baba mkwe wake alikuwa amestaafu ualimu mkuu, na watu wazima wenye ndevu walikuwa bado wanavuka barabara wakimwona. Waliendelea kumwita Hedimasta. Kiharusi kilimchukua miguu yote miwili kikamwachia ulimi, na wapo waliosema kwa sauti ya chini kwamba kiharusi kilikosea hesabu. Tangu hapo aliishi kwa binti yake, yaani kwa Kimya. Asubuhi alisukumwa hadi barazani, jioni akasukumwa kurudishwa ndani. Kati ya hapo aliwahukumu wapita njia.

Jioni hiyo Kimya alimkuta palepale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umewahi leo. Wamekufukuza?"

"Hapana, baba. Tuna kazi mpya. Tunatengeneza kiti cha kisasa, na tungependa wewe ndiye ukijaribu mbele ya wageni. Kitatumia basi la Kani."

Hedimasta alimtazama mkwewe kwa muda kama anayetafuta kosa la tahajia.

"Mimi sina miguu inayofanya kazi, nahitaji kiti, wewe unaniletea basi. Na kani ninayo ya kutosha, muulize mke wako."

"Anayo," mkewe alijibu kutoka jikoni.

"Na hicho kiti umekitengeneza wewe?"

"Naanza kesho, baba."

"Vizuri. Nitakuwa nimeshakufa."

Kwa lugha ya Hedimasta, hiyo ilikuwa ndiyo.

* * *

Kimya alianza kazi kwa kujiamini kulikozidi maarifa yake. Alitafuta kwenye mtandao mwongozo wa wanaoanza, akauona una kurasa nyingi za maelezo, akaziruka zote kwa heshima na kwenda kwenye picha. Akachukua bodi moja ndogo ya elektroniki, akaiwekea programu, akaiambia itume ujumbe mmoja mfupi. Bodi ikajibu kwamba kuna hitilafu.

Akairudia. Hitilafu. Akabadilisha chipu. Hitilafu. Akabadilisha nyaya, akabadilisha meza, akabadilisha soketi ya umeme. Akamlaumu aliyeitengeneza bodi, akamlaumu aliyeiuza, halafu akaulaumu umeme wa mtaa kwa kirefu, mpaka fundi wa kuchomelea akamwomba amalizie malalamiko yake nje kwa sababu cheche zilikuwa zinamsikiliza.

Mwishowe, kwa kukosa mtu mwingine wa kulaumu, alisoma ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa kwanza ulieleza, kwa lugha ambayo hata watoto wake pacha wa darasa la pili wangeielewa, kwamba kwenye CAN ujumbe hauhesabiki umefika mpaka angalau kifaa kingine kimoja kiuitikie. Bodi ikiwa peke yake kwenye nyaya haina wa kuiitikia, hivyo hurudia ujumbe uleule bila kuchoka na kujihesabia makosa. Bodi haikuwa na ugonjwa wowote. Kutwa nzima ilikuwa imesimama kwenye mlango wa nyumba tupu ikipiga hodi, hodi, hodi, na mwenye nyumba hajazaliwa.

Kimya alifunga ukurasa na kumweleza kila mtu kwamba alilijua hilo tangu mwanzo, alikuwa anaipima bodi uvumilivu.

Akaweka bodi ya pili. Sasa walikuwa wawili, na bado hakuna aliyeelewana na mwenzake. Hili lilimuumiza zaidi, maana safari hii alikuwa amesoma. Alikuwa ameziambia bodi zote mbili ziongee kwa kasi moja, kama mwongozo ulivyotaka, maana kwenye nyaya hizo asiyekwenda na mwendo wa wenzake huwa kelele tu. Alipekua programu mstari kwa mstari. Kila kitu kilikuwa sawa, na hakuna kilichofanya kazi. Kwa mhandisi hakuna hali mbaya kuliko hiyo.

Nyumbani alikula bila kusema neno. Mkewe aliweka kijiko chini.

"Baba pacha, unaumwa?"

"Bodi haziongei."

"Na wewe umeamua kuziunga mkono?"

"Mwache," Hedimasta alisema. "Tangu aoe hatujawahi kula kwa amani hivi."

Kosa alilipata asubuhi moja akiwa ameinama kupuliza vumbi. Kila bodi ilikuwa na kidude cha chuma kinachong'aa, kristali, ambayo ndiyo inayoipigia bodi mwendo wake kama anayepiga makofi ngomani. Juu ya kristali ya bodi moja iliandikwa kumi na sita. Juu ya nyingine, nane. Bodi zilinunuliwa mahali pamoja, kwenye mfuko mmoja, zikafanana kama pacha wake, na moja ilikuwa inaongea nusu ya mwendo wa mwenzake huku inaapa kwamba inakwenda sawa. Kimya alibadilisha namba moja kwenye programu. Akabonyeza kitufe cha bodi ya kwanza, na kwenye bodi ya pili taa ndogo ya kijani ikawaka.

Alipiga ukelele uliowatoa watu kwenye duka la magodoro.

"Nini?" Mkurugenzi alikuja mbio.

"Taa! Nimebonyeza huku, imewaka kule!"

Fundi wa kuchomelea aliinua kioo cha usoni, akaitazama taa, akamtazama Kimya. "Nyumbani kwangu ya hivyo iko ukutani," alisema. "Tangu tuhamie."

Lakini hakuna wa kumharibia siku. Kimya alibonyeza kitufe kile mpaka jioni.

* * *

Baada ya hapo kazi ilienda kwa kasi ya kushangaza, kama mambo yanavyokwenda yakitaka kukuangusha kutoka juu zaidi. Shangazi alisokota nyaya mbili, ya njano na ya kijani, akazipitisha ndani ya fremu ya kiti kwa unadhifu wa kusuka nywele. Kijiti kikapata bodi yake, mota ikapata yake, betri ikapata yake pamoja na skrini. Siku ya kwanza kiti kilipepesuka kama mlevi kila mota ilipozunguka. Kimya akapima ukinzani wa nyaya na kukuta ni mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye mwongozo. Mwongozo ulitaka rezista moja, kidude cha ukinzani, kila mwisho wa nyaya, ili ujumbe ukifika ukingoni unyamaze, usirudi nyuma kama mwangwi. Moja ya hizo rezista Kimya mwenyewe alikuwa ameikata wiki iliyopita, kwa sababu hakuona kazi yake. Akairudisha kimyakimya, na hapo jina lake likamfaa.

Likabaki suala la namba. Kwenye CAN kila ujumbe hubeba namba, na jumbe mbili zikianza kwa wakati mmoja, yenye namba ndogo ndiyo hupita. Yenye namba kubwa hujinyamazia bila kinyongo na kungoja zamu. Ni utaratibu wa kistaarabu, mradi anayegawa namba ana akili timamu. Kimya akamfuata Mkurugenzi amuulize lipi lina umuhimu kuliko yote.

"Asilimia ya betri," Mkurugenzi alisema bila kupepesa. "Mteja akikaa anatazama skrini. Asilimia iwe namba moja."

"Na kusimama?"

"Kusimama ni kusimama. Mtu anasimama mara ngapi kwa siku?"

Kimya alijua hilo halikukaa sawa. Lakini alikuwa na mambo mengi, na akajiambia ataipanga upya baadaye. Baadaye ni mahali penye watu wengi sana, na hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko. Betri ikapewa namba moja. Kijiti kikapewa namba ya katikati. Kitufe chekundu cha kusimama kwa dharura kikapewa namba kubwa kuliko zote, kwa kuwa kilifungwa mwisho. Swichi ya kukata umeme moja kwa moja, ile ya zamani, ilitolewa mbele na kufichwa chini ya kiti, kwa sababu Mkurugenzi alisema inaharibu sura.

Hata hivyo kiti kilikwenda. Kilikwenda mbele, kikarudi nyuma, kikageuka, kikasimama. Fundi wa kuchomelea alikizungusha karakana nzima na kukiri kwamba ni kizuri kuliko taa.

Siku moja kabla ya wageni, Mkurugenzi alikitazama akakunja uso. Asilimia kwenye skrini ilibadilika polepole mno, alisema, kama kobe anayesoma gazeti. Alitaka ichezecheze, ionekane hai. Na kiti kikiwashwa, kwanza skrini ioneshe nembo ya kampuni, itulie, iwaingie watu moyoni, ndipo mambo mengine yaendelee.

"Ni dakika mbili tu, bosi," Kimya alisema, na safari hii alikuwa mkweli. Aliongeza nembo. Kisha alifuta kwenye programu ya betri ule mstari uliokuwa unaiambia ipumzike kidogo kati ya ujumbe na ujumbe. Akakiwasha kiti kikiwa juu ya matofali. Nembo ikatokea, ikatulia, ikaondoka, na asilimia ikaanza kutetemeka kwa uhai. Mkurugenzi akapiga makofi. Kijiti hakuna aliyekigusa. Kwa nini akiguse, si jana kilifanya kazi?

* * *

Wageni walikuja wakiongozwa na Matroni, mama mrefu mwenye miwani aliyetembea kama anayekagua vitanda. Nyuma yake walikuwepo madaktari wawili waliotazama saa. Karakana ilikuwa imefagiliwa mpaka ikapoteza utambulisho. Mlango mkubwa wa uani uliachwa wazi kwa ajili ya hewa, na mbele yake ukafungwa utepe mwekundu ambao Mkurugenzi alipanga kuukata mwenyewe baada ya hotuba.

Hedimasta aliletwa na binti yake, akiwa na koti, tai, na viatu ambavyo binti huyo aliving'arisha hadi vikaonesha dari. Walimhamishia kwenye kiti kipya. Alikaa wima, akagusa mikono ya kiti, akaitazama kazi ya kulehemu kwa karibu, asione kosa. Hilo lilimuudhi.

Mkurugenzi akaanza hotuba. Alizungumzia maono. Alizungumzia safari. Alipofika kwenye "nyaya mbili tu, mabibi na mabwana", akampa Kimya ishara, Kimya akakiwasha kiti, na nembo ya kampuni ikatokea kwenye skrini na kutulia.

Hedimasta hakuwa mtu wa kutulizwa na nembo. Alikuwa ameambiwa kwamba kijiti kikisukumwa mbele kiti kinakwenda mbele, na maisha yake yote alikuwa amewafundisha watu kufuata maelekezo. Akasukuma.

Wakati huo betri ilikuwa bado haijaanza kuongea, ikisubiri nembo imalize kuwaingia watu moyoni. Nyaya zilikuwa tupu. Ujumbe wa kijiti ukapita bila kuulizwa: mbele. Mota ikatii. Kiti kikaondoka kwa upole, na wageni wakasema "aah".

Ndipo nembo ikaondoka, na betri ikapata sauti. Asilimia tisini na nane. Asilimia tisini na nane. Asilimia tisini na nane. Ilisema hivyo bila kupumua, ikiwa na namba moja, na kila kijiti kilipofungua mdomo kikakuta mkubwa anaongea, kikanyamaza kwa adabu kungoja zamu ambayo haikuja.

Hedimasta aliachia kijiti. Kiti kikaendelea. Alikivuta nyuma. Kiti kikaendelea.

"Mkwe," aliita, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Bonyeza kitufe chekundu, baba!"

Hedimasta akabonyeza. Kitufe chekundu nacho kikatuma ujumbe wake, wenye namba kubwa kuliko zote, ukajipanga nyuma ya kijiti.

"Nimebonyeza. Kina kazi gani hiki?"

"Basi!" Mkurugenzi alipaza sauti kutoka kwenye jukwaa. "Basi! Basi!"

"Basi lako ndilo hili!" Hedimasta akamjibu, akapita na meza ya soda, akaukata utepe kwa kifua, akatoka mlangoni.

Nje kulikuwa na ua, na baada ya ua, geti lililokuwa wazi. Kiti kilikwenda mwendo wa mtu anayewahi benki kabla haijafungwa, si mbio, ila huwezi kukisimamisha kwa maneno. Kimya alikifikia getini. Alikuwa na mpango: akiing'oa bodi ya kijiti, amri itakosa pa kutokea, na mota ikikosa amri itasimama. Aliingiza mkono chini, akashika zile nyaya mbili za Shangazi, akavuta kwa nguvu zake zote.

Skrini ikaganda. Kiti hakikusimama.

Hapo, akikimbia pembeni ya baba mkwe wake barabarani na ncha za nyaya mkononi, Kimya alielewa jambo jingine ambalo ukurasa wa kwanza haukulisema. Hakuwahi kuiambia mota ifanye nini ikiwa hakuna anayeongea nayo. Ilikuwa imeambiwa mbele, na mpaka itakapoambiwa jingine, itakwenda mbele, kama mtumishi mwaminifu wa nyumba ambayo wenyewe wameshahama.

"Unakimbia wapi?" Hedimasta aliuliza.

"Nakufuata wewe, baba!"

"Basi fuata, acha kuongea, utakosa pumzi."

Upepo ulikuwa umeipindua tai yake begani. Wapita njia walisimama. Mzee mmoja, huenda aliwahi kuchapwa, alivua kofia. Kiti kikapanda ukingo wa duka la magodoro, kikaingia katikati ya bidhaa zilizopangwa nje, kikazama kwenye godoro nene la watu wawili na kubaki hapo kikisukuma. Kimya akalala chini kifudifudi, akapapasa mpaka akaipata ile swichi iliyokuwa inaharibu sura, akaizima.

Mota ikatulia. Kisha wakafika wote: mkewe akilia na kumpapasa baba yake mabega, Mkurugenzi bila kofia, Shangazi, madaktari, na Matroni nyuma akitembea taratibu.

"Baba, samahani," Kimya alisema akiwa bado chini. "Samahani sana. Ni kosa langu."

Hedimasta alinyoosha tai. Uso wake ulikuwa na rangi ambayo binti yake hakuwa ameiona tangu kabla ya kiharusi.

"Nani amekutuma ukizime?" alisema.

* * *

Matroni hakununua kitu siku hiyo. Alivua miwani, akaifuta, akamwambia Mkurugenzi, "Kwenda kinajua. Kikijifunza kusimama, mniite." Mkurugenzi alijifungia ofisini. Alipotoka alitaka kujua ni nani aliyeipa asilimia ya betri namba moja, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akarudi kujifungia.

Kimya alitegemea kwamba nyumbani ataliwa mbichi. Siku ya pili yake alimkuta Hedimasta barazani, na kwenye meza ndogo, mwongozo wa CAN uliochapishwa, ambao mkewe alikuwa ameutoa kwenye begi la mumewe.

"Keti," Hedimasta alisema. "Nieleze ulichofanya. Kwa ufupi, kama unaweza."

Kimya akaeleza. Kwa mara ya kwanza hakupamba. Alieleza namba, na betri isiyopumua, na rezista aliyoikata, na hata kristali, ambayo hakuna aliyemuuliza. Hedimasta alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo haukuwa ujinga," alisema. "Mjinga angeshindwa kukitoa mlangoni. Ulikuwa uvivu."

"Ndiyo, baba."

"Uvivu unatibika. Rudi ukakitengeneze. Na mimi ndiye nitakayekijaribu tena, usimpe mtu mwingine. Yule mchomeleaji wenu amenenepa, atakupa majibu ya uongo."

Kimya akauchukua mwongozo mezani, akaitikia kwa kichwa.

Alirudi karakanani, na safari hii alikwenda mwendo wa kinyonga. Kusimama kukapata namba ndogo kuliko zote, kijiti kikafuata, betri ikapelekwa mwisho wa foleni na kuamriwa kuongea mara moja moja. Mota ilifundishwa kwamba ikipita nusu sekunde bila kusikia kijiti, ijizime yenyewe na isibishane na mtu. Swichi ilirudi mbele na sura yake mbaya. Mkurugenzi alipokuja kupinga, Shangazi alimuuliza kama angependa kukikalia yeye kabla haijarudishwa. Kisha Kimya akang'oa nyaya makusudi, kiti kikiwa kinatembea, mara nyingi kiasi kwamba Shangazi alimnunia. Kila mara kilisimama.

Hedimasta alikijaribu uani, bila koti, bila hotuba. Alikwenda, akasimama. Akageuka, akasimama. Akabonyeza kitufe chekundu kwa kushtukiza, akamtazama mkwewe kama aliyetarajia kumfuma. Mwisho akasema, "Kinatosha kupita darasa." Binti yake baadaye alimwambia mumewe kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kupata maksi hizo.

Matroni aliitwa, akaja, akakikalia mwenyewe na kukigongesha ukutani kwa makusudi, akaondoka ameridhika. Lakini kile cha kwanza hakikwenda hospitali; kilibaki kwa Hedimasta.

Jumamosi moja, Kimya alirudi kutoka kununua mkate akakuta baraza tupu. Mkewe alikuwa ndani, akadhani baba yuko nje. Pacha walikuwa nje, wakadhani babu yuko ndani. Walitafuta uani, wakatafuta kwa jirani. Mke akashika kichwa. Kimya akapiga mbio hadi duka la magodoro, kwa kuwa hakujua pengine pa kuanzia, na muuza magodoro, alipomwona anakuja, akaanza kuziingiza bidhaa ndani.

Walimkuta mtaa wa tatu, kwa kinyozi. Kiti kilikuwa kimeegeshwa kati ya vijana waliokuwa wanangoja zamu, swichi imezimwa, na Hedimasta yuko katikati yao na gazeti, anabishana na mtu juu ya jambo lililokwisha miaka mingi. Alikuwa na shuka jeupe shingoni.

"Baba!" binti yake alishindwa hata kukasirika vizuri. "Umetoka tangu asubuhi! Unafanya nini huku?"

"Nimekuja kunyoa."

"Baba, huna nywele."

"Ndiyo maana tumechelewa," Hedimasta alisema, akifungua ukurasa mwingine. "Kinyozi alikuwa anazitafuta."

Kinyozi aliinua mikono kuonesha kwamba yeye hayumo. Mke wa Kimya aliketi kwenye benchi, akafunika uso kwa viganja, na mumewe hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoyaona mabega yakiruka kwa kicheko. Kimya akaketi pembeni yake. Vijana wakasogea kidogo kuwapisha, na Hedimasta akarudi kwenye ubishi wake pale alipoachia.